Namba moja wa nchi nzima, mshahara dola 6,000: kisa cha Paul Rabil

Dada yangu aliniuliza swali jikoni kwake huku Maryland, mwanae wa miaka 13 yuko nje anagonga mpira kwenye ukuta wa gereji, tu, tu, tu, haachi, akaniambia hivi kaka, huu mchezo wa fimbo na wavu, lakrosi, mtu akiucheza mpaka juu kabisa anakula nini? Sikuwa na jibu. Nikaanza kumfuatilia Paul Rabil, mchezaji wa lakrosi wa Marekani, maana kama kuna mtu ambaye maisha yake yanalijibu hilo swali ni yeye, na nimekaa na kisa chake usiku mwingi, kwa hiyo naandika kwa urefu, mwenye haraka anisamehe.

Tuanze 2008. Rabil ana miaka 22, anamaliza Johns Hopkins pale Baltimore, na kwenye lakrosi Johns Hopkins ni jina kubwa, chuo kina historia ya huu mchezo kuliko karibu wote Marekani. Ameshabeba ubingwa wa vyuo mara mbili, 2005 na 2007. Fainali ya 2008 wanacheza na Syracuse kwenye uwanja wa Gillette pale Foxborough, watu karibu 49,000 wamejaa, Rabil peke yake anafunga mabao 6 na bado wanafungwa 13 kwa 10. Siku hizohizo ligi ya kulipwa, Major League Lacrosse, watu wanaiita MLL, inafanya uteuzi wa vijana wa vyuo na anayechaguliwa wa kwanza kabisa nchi nzima ni yeye, Boston Cannons wanamchukua.

Sasa sikia mkataba. Dola kama 6,000. Siyo kwa wiki wala kwa mechi, msimu mzima!

Kijana namba moja wa nchi nzima, kwenye nchi ambayo namba moja wa mpira wa kikapu anasaini mamilioni kabla hajagusa mpira, huyu anatafuta kazi ofisini, akapata kwenye kampuni ya majengo ya biashara Washington. Jumatatu mpaka Ijumaa shati na tai, wikiendi anapanda ndege kwenda kucheza mbele ya watu elfu kadhaa, Jumatatu asubuhi yuko kwenye kiti chake na bega limevimba. Na usifikiri ni yeye tu. Timu nzima ilikuwa hivyo, kuna mwalimu, kuna wa benki, kuna kocha wa shule, wengine hata hawaishi kwenye mji wa timu yao, wanakutana Ijumaa usiku wanafanya mazoezi kidogo, Jumamosi wanacheza, kila mtu anarudi kwake.

Kwa ambao hamuujui huu mchezo niseme kidogo. Watu 10 kila upande, kila mmoja ana fimbo yenye kikapu cha wavu juu, mpira ni wa raba ngumu, kwa ukubwa unakaribia wa tenisi ila ni mzito, ukikupata kwenye mbavu unalala. Unadaka kwa wavu, unakimbia huku unaitikisa fimbo mpira usidondoke, unarusha golini. Ni mchezo wa wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, hasa watu wa Haudenosaunee, walikuwa wanaucheza kabla Wazungu hawajafika na kwao mpaka leo ni dawa na ni ibada, siyo burudani tu. Baadaye vyuo vya mashariki ya Marekani vikaudaka na ukawa kama mchezo wa shule za wenye nazo, na huku Maryland ulipendwa mpaka 2004 ukawekwa kwenye sheria kuwa mchezo rasmi wa timu wa jimbo. Ukipanda basi mwezi wa tatu unaona watoto wamebeba hizo fimbo begani kama watu wanaotoka shamba na majembe.

Rabil ni mtoto wa hukuhuku, amekulia maeneo ya Gaithersburg, siyo mbali na anapokaa dada. Shuleni alisumbuliwa na shida ya ubongo kushindwa kushika haraka yanayosemwa darasani, jambo ambalo baadaye aliliongea wazi na akaanzisha taasisi ya kusaidia watoto wenye shida kama hiyo. Kwenye mchezo alichelewa kidogo kuanza, akiwa na miaka kama 12. Kuna kocha aliwaambia watoto kambini kwamba atakayepiga mashuti 100 kila siku atapata chuo cha kumsomesha bure, watoto wengine wakasikia wakasahau, yeye akaenda kupiga 100, kesho 100, keshokutwa 100, mvua ama theluji. Mimi nimejaribu kumhesabia mpwa wangu pale gereji, mashuti 100 na kuokota mpira na kurudi ni karibu saa zima, na kuanzia shuti la 60 hivi mkono unaanza kushuka, mpira unaenda chini chini, hapo ndo unaona nani anataka na nani anacheza tu. Rabil alifanya hivyo miaka.

Na alitoka mtu kweli. Futi 6 na inchi 3, mwili wa beki wa rugby, mbio za winga. Alikuwa kiungo, staili yake ilikuwa moja na kila mtu anaijua na bado hawaizuii: anaanzia juu, anakata upande, beki anaanza kumfuata kwa nyuma, na yeye bila kupunguza mwendo anaachia shuti akiwa anakimbia. Kwenye shindano la nguvu ya shuti la ligi walimpima maili 111 kwa saa, ni kama kilomita 178, rekodi ya wakati ule. Kipa amesimama pale na goli la futi 6 kwa 6, mpira unagonga chini kwanza unaruka usawa wa nyonga, anauona ukiwa umeshapita.

2009 mchezaji bora wa MLL. 2011 tena, na mwaka huo Boston wakachukua kombe. 2010 akachukua kombe la ligi ya ndani ya ukumbi, ile NLL ya majira ya baridi inayochezwa kwenye viwanja vya hoki vilivyofunikwa kapeti, akiwa na Washington Stealth. Mwaka huohuo dhahabu ya dunia na Marekani kule Manchester, yeye mchezaji bora wa mashindano. 2015 kombe lingine na New York Lizards. Anapostaafu anakuwa anaongoza kwa pointi, yaani mabao na pasi za mabao, historia nzima ya lakrosi ya uwanja ya kulipwa. Yaani mafanikio ya uwanjani hayana mjadala kabisa, ndo maana kisa chake kinafaa kupima, maana huwezi kusema alikosa hela kwa sababu hakuwa mzuri vya kutosha. Alikuwa mzuri kuliko wote na mshahara ukagoma.

Kwa nini uligoma? Nimeizungusha sana hii. MLL ilianza kucheza 2001, mwanzilishi wake Jake Steinfeld, yule jamaa wa mazoezi ya mwili kwenye TV, na heshima yake iko pale pale kwa sababu kabla yake ligi ya uwanja ya kudumu hakukuwa. Ila ligi iliishi kwa tiketi na wadhamini wadogo, hela ya TV ilikuwa kidogo mno. Sasa TV haitoi hela kwa sababu watazamaji wachache, watazamaji wachache kwa sababu ligi inaonekana Jumamosi tu halafu wiki nzima kimya, kimya kwa sababu wachezaji wako ofisini kwao, wako ofisini kwa sababu mshahara hautoshi, na mshahara hautoshi kwa sababu TV haitoi hela. Ni duara. Ukiingia popote unarudi palepale, na kila mmoja aliyekuwa ndani yake alikuwa na sababu yake ya kweli, hakuna wa kumnyooshea kidole.

Rabil alilitoboa kwanza kwa ajili yake mwenyewe. YouTube ilikuwa bado changa kwenye huu mchezo, yeye akaanza kuweka video zake anafanya mazoezi, anavyofunga wavu wa fimbo, anavyopiga, anavyojibu maswali ya watoto. Hapo kuna jambo dogo nataka mlione. Fimbo ya lakrosi haiji tayari kwa mtu anayejua, wavu unaufunga mwenyewe kamba kwa kamba, na ukiulegeza sana mpira unachelewa kutoka, ukiukaza mpira haukai, kila mchezaji ana siri yake, na mtoto wa Texas au Oregon ambaye mjini kwao hakuna wa kumfundisha hizo kamba sasa anakaa na simu anamwangalia bingwa wa dunia anamfungia taratibu. Mtoto huyo hajawahi kuingia mechi ya Boston, pengine hataingia, lakini ni shabiki wa Rabil. Kisha zikaja kambi za mafunzo, vifaa vyenye jina lake, wadhamini wakubwa akiwemo Red Bull. Kufika 2013 vyombo vya habari vya biashara vikawa vinamwandika kuwa mchezaji wa kwanza wa lakrosi anayeingiza dola milioni.

Hiyo milioni watu wanaisoma vibaya. Wanasema ona, inalipa! Hapana. Mshahara wa ligi ndani ya hiyo milioni ulikuwa kama chumvi kwenye sufuria, karibu yote ilitoka nje ya uwanja, na huwezi kuwaambia wachezaji 200 kila mmoja aende awe staa wa YouTube. Njia ile ilikuwa ya mtu mmoja na aliyeipita alikuwa na kipaji cha ajabu pamoja na kichwa cha biashara, vitu viwili ambavyo haviji pamoja mara nyingi. Nadhani yeye mwenyewe aliliona hilo mapema kuliko waliokuwa wanamsifia.

Ndo tunafika kwenye kiini. Rabil na kaka yake Mike, ambaye alicheza mpira wa Kimarekani Dartmouth kisha akaingia biashara, wakatafuta wawekezaji wakaenda kutaka kuinunua MLL. Wakakataliwa. Hapa watu wengi wangerudi nyumbani, ana miaka 32, ana hela yake, ana jina, mwaka huohuo wa 2018 yumo kwenye kikosi cha Marekani kilichochukua dhahabu ya dunia Netanya kule Israel, Canada wamefungwa 9 kwa 8 kwa bao la Tom Schreiber ikiwa imebaki sekunde moja. Sekunde moja jamani! Angestaafu na hiyo picha ungemlaumu nini. Badala yake Oktoba 2018 wakatangaza ligi mpya, Premier Lacrosse League, PLL, na wachezaji wengi bora wa MLL wakahama naye kwa mpigo. Nyuma yake kuna hela ya watu wazito, kampuni za uwekezaji na Joe Tsai wa Alibaba ambaye mwenyewe alicheza lakrosi Yale.

Angalia walivyolivunja lile duara, ni hesabu siyo bahati. Kwanza timu hazikuwa na mji wala mmiliki wake, ligi ndo inamiliki zote 6, na wikiendi moja timu zote zinaenda mji mmoja zinacheza hapo, wiki ijayo mji mwingine, kama sarakasi inayozunguka. Maana yake kamera ni seti moja, uwanja wa kukodi ni mmoja, na mji unaona timu zote kwa tiketi za wikiendi moja. Pili wakaenda kwa NBC kabla hata ya mpira wa kwanza kurushwa, wakaweka TV mbele na tiketi nyuma, kinyume kabisa cha MLL. Uwanja wakaufupisha yadi 10, saa ya kupiga shuti, yaani muda timu inaoruhusiwa kukaa na mpira kabla ya kupiga golini, ikawa sekunde 52, ili mtu anayeangalia kwa mara ya kwanza asisinzie. Tatu, na hii ndo naipenda kuliko zote, wachezaji wakapewa mshahara mara kadhaa ya ule wa zamani pamoja na bima ya afya na hisa za ligi. Hisa! Beki ambaye juzi alikuwa anakodishwa wikiendi sasa ana kipande cha nyumba.

Mechi za kwanza zilichezwa tarehe 1 Juni 2019, na uwanja ni Gillette, Foxborough, palepale alipofunga 6 na bado wakafungwa 2008. Sijui kama walichagua kwa makusudi, ila mimi nilipoliona hilo nilisimama nikazunguka chumba.

Sasa gharama, maana wengi hawaisemi. Fikiria wewe ni mwanzilishi wa ligi na bado unavaa jezi namba 99 ya Atlas, mojawapo ya zile timu 6. Beki anayekupiga fimbo mkononi umemwajiri wewe. Mwamuzi akikupa faulo nzuri watu watasema nini, akikunyima je? Kocha wako anataka kukutoa kwa sababu leo miguu mizito, anamtoa mtu anayemlipa. Na usiku badala ya barafu kwenye goti uko kwenye simu na wadhamini. Uwanjani hakuwa tena yule wa 2011, miaka 33 na kazi mbili vilionekana, na nadhani hilo alilinunua akijua bei yake.

Upande wa pili uliumia zaidi. MLL ikapandisha bajeti ya mishahara kwa zaidi ya nusu kujibu mapigo, halafu kabla ya msimu wa 2019 ikafuta timu tatu, Charlotte, Ohio na Florida. Kulikuwa na wachezaji walioamini MLL, akiwemo Lyle Thompson wa Onondaga, mojawapo ya mataifa ya Haudenosaunee, ambaye kwa wengi ndo fundi mkubwa wa kizazi hiki, akabaki na kuchukua kombe na Chesapeake Bayhawks 2019. Kuna mashabiki walikata tiketi miaka 10 za timu ya mji wao wakaamka haipo. Nampenda Rabil lakini siwezi kuandika kama vile hao hawakuwepo.

2020 ndo ikaamua. Korona imefunga kila kitu, MLL ikacheza msimu wa wiki moja na kidogo Annapolis ukaingiliwa na maambukizi, PLL ikajifungia Utah wiki kadhaa bila mashabiki, mechi zote kwenye TV. Ligi inayoishi kwa tiketi na ligi inayoishi kwa TV, mwaka usio na tiketi. Desemba ile MLL ikamezwa na PLL, na timu iliyopokelewa moja kwa moja ilikuwa moja tu, Cannons. Denver, Chesapeake na nyingine zikabaki majina kwenye kabati.

Na 2021 Rabil akahamia Cannons, timu iliyompa zile dola 6,000, akacheza msimu mmoja, Septemba akaaga akiwa na miaka 35. Misimu 14.

Kwenye ule mtindo wa kuzunguka mimi nilikuwa na wasiwasi tangu nilipousoma. Kwa kuanzia ulikuwa sahihi kabisa, ila mtoto hawezi kupenda sarakasi kama anavyopenda timu ya kwao, mtu wa Tanga ni Coastal Union hata ikishuka daraja. Na wenyewe waliliona, 2024 wakazipa timu miji, Whipsnakes wakawa wa Maryland, Chrome wakabadilishwa kuwa Denver Outlaws, yaani lile jina la kabatini likatolewa vumbi likarudishwa kwao. TV ikahamia ESPN tangu 2022 na mwanzoni mwa 2025 ESPN wakanunua sehemu ya ligi, mwezi uliofuata ligi ya wanawake ikaanza. Na 2028 lakrosi inarudi Olimpiki Los Angeles, ya watu sita kila upande, mara ya mwisho kugombewa medali ilikuwa 1908.

Hata kwetu kuna uzi. 2014 Rabil alipopata medali ya fedha ya dunia Denver, baada ya kufungwa na Canada fainali 8 kwa 5, kwenye mashindano yaleyale walikuwepo Uganda, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. 2019 mabinti wa Kenya wa chini ya miaka 19 wakafika Canada kwenye mashindano yao. Vijana wa Kampala hawakupata mashuti 100 kwenye ukuta wa gereji, walipata fimbo za kuletewa na uwanja wa nyasi ndefu, na wakafika.

Kwa hiyo nikarudi kwa dada na jibu. Nikamwambia bado, mchezaji wa kawaida wa PLL leo anapata hela inayoonekana kwa msimu wa kiangazi lakini wengi bado wana kitu kingine, wanafundisha, wana kambi, wana ofisi, baridi wanaenda NLL, kwa hiyo yule bwana wa 2008 mwenye tai hajaisha, ila sasa ana bima na ana hisa. Dada akauliza na huyo aliyeanzisha, siku hizi anacheza? Nikasema hapana, anaiendesha tu. Akanyamaza kidogo akafungua dirisha, akamwita mwanae, ameshafika ngapi. Themanini na mbili, mama.